Bei ya Kinyozi wa Bwera

Hoja iliyo mezani: Nchi inayokua haraka ina haki ya kuwa na mfumuko wa bei mkubwa kuliko nchi iliyokwisha kutajirika, kwa hiyo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilegeze kikomo chake cha asilimia 8.

Kikomo hicho ni moja ya masharti ya Itifaki ya Umoja wa Fedha iliyotiwa saini Kampala tarehe 30 Novemba 2013. Sarafu moja ilitarajiwa 2024. Sasa imesogezwa hadi 2031. Wazungumzaji watano wa mjadala huu wamebuniwa, ila ni watu wa aina utakayokutana nayo ukitoka skimu ya umwagiliaji ya Mubuku, magharibi mwa Uganda, ukapita mji wa Kasese, ukashuka hadi Bwera kwenye mpaka wa Mpondwe na Congo. Mahali, taasisi na takwimu za kitaifa wanazozitaja hazikubuniwa.

MZEE (mstaafu wa mgodi wa Kilembe, mwenyekiti): Kanuni ni mbili. Msemaji aachwe amalize, na anayepinga apinge hoja, asimpinge mtu. Mwalimu, hoja ni yako. Anza, na utusemeshe kwa lugha ya sokoni.

MWALIMU (anafundisha uchumi sekondari, Kasese): Ahsante, Mzee. Nianze na ndugu yetu kinyozi. Kichwa kimoja unanyoa kwa shilingi ngapi?

KINYOZI (ana kibanda Bwera): Elfu tatu. Mtoto, elfu mbili.

MWALIMU: Haijafika dola moja. Mjini Oslo kichwa hicho hicho kitakutoa zaidi ya dola 30. Nimeitaja Norway makusudi, maana kampuni ya huko ndiyo iliyojenga kituo cha umeme cha Bugoye kwenye mto wetu wa Mubuku, megawati 13, kikaanza kazi 2009. Sasa, kinyozi wa Oslo hana mikono minne. Mashine yake haina tofauti kubwa na yako. Kwa nini analipwa mara thelathini?

KINYOZI: Kwa sababu wateja wake wana pesa.

MWALIMU: Umejibu nusu. Wateja wana pesa kwa sababu wenzao wanazalisha vitu vinavyouzwa dunia nzima: mafuta, samaki, mitambo. Mtu mmoja kule anatoa mali nyingi kwa saa moja, na mwajiri anaweza kumlipa vizuri. Kinyozi akilipwa kama wewe, ataacha mashine yake aende kwenye samaki. Ili abaki kwenye kibanda chake, lazima malipo yake yakaribiane na ya wenzake. Tija iko kwa mvuvi na fundi mitambo, lakini mshahara unaenea mji mzima. Mwaka 1964 wachumi wawili waliieleza hoja hii, kila mmoja kivyake: Béla Balassa, mzaliwa wa Hungaria aliyehamia Marekani, na Paul Samuelson.

MAMA (mfanyabiashara, kati ya Mpondwe na Kasindi, upande wa Congo): Mwalimu, hapo umetueleza kwa nini Oslo ni ghali. Hoja yako inahusu kupanda kwa bei. Mji unaweza kuwa ghali na bei zake zisitikisike miaka mitano.

MWALIMU: Kweli, Mama. Basi tugawe uchumi mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vitu vinavyovuka mpaka: kahawa, saruji ya Hima, pamba, mbegu ya mahindi. Bei yake hupangwa na soko kubwa. Mkulima wa arabika wa Kyarumba hana la kusema, New York ndiyo inasema. Fungu la pili ni vitu visivyovuka: kunyoa, kupangisha nyumba, kufundisha, kubeba abiria kwa bodaboda. Nchi inayowakimbilia matajiri kwa kawaida hupata kasi yake katika fungu la kwanza, kwa mashine mpya, mbegu mpya na umeme. Tija ikipanda huko, mishahara ya huko nayo hupanda, na bidhaa haihitaji kupanda bei kwa sababu mtu mmoja sasa anatoa nyingi. Kisha kinyozi anadai chake, fundi wa kujenga anadai chake. Hao hawakuongeza kazi yoyote juu ya ile ya jana. Mshahara wao mpya hauna pa kutoka isipokuwa kwenye bei.

Nitoe hesabu ya mfano. Chukua nchi ambayo tija ya fungu la kwanza inapanda asilimia 6 kwa mwaka, na ya fungu la pili asilimia 1. Pengo ni 5. Ikiwa nusu ya matumizi ya watu ni fungu la pili, bei kwa jumla zitapanda asilimia 2.5 hata kama bei za bidhaa zinazovuka mpaka hazikusogea. Sasa chukua nchi tajiri: 2 kwa 1, pengo ni 1, nusu yake 0.5. Kati ya nchi hizi mbili kuna tofauti ya asilimia 2 kila mwaka, na hakuna gavana wa benki aliyekosea. Hiyo ni gharama ya kukua.

KINYOZI: Kwa hiyo nikipandisha bei ninajenga nchi?

MWALIMU: Ukipandisha kwa sababu hiyo, ndiyo. Na hapa ndipo kikomo cha asilimia 8 kinaponipa wasiwasi. Leo Uganda ina shilingi yake, nayo inaelea. Tija ikipanda, kuna njia mbili za kurekebisha mambo: ama bei za ndani zipande, ama shilingi iimarike mbele ya dola. Tukiingia sarafu moja, njia ya pili imefungwa, na kila kitu kitapitia kwenye bei. Lithuania iliyaona hayo. Iliomba kuingia euro 2006. Sarafu yake, litas, ilikuwa imefungwa kwa euro kwa kiwango kisichobadilika, na uchumi wake ulikuwa unakwenda mbio. Kikomo cha mfumuko kilikuwa asilimia 2.6, yenyewe ilikuwa na 2.7. Ikakataliwa kwa sehemu moja ya kumi ya asilimia. Ikangoja hadi Januari 2015. Sitaki Uganda, wala Congo, ije iadhibiwe kwa kosa la kukua.

MZEE: Umeitaja Congo, na Mama anaishi kwa Congo. Mama, jibu.

MAMA: Nitamjibu kwa mwaka mmoja, 2023. Congo ilikuwa tayari ndani ya Jumuiya, iliingia 2022. Mwaka huo uchumi wake ulikua kwa zaidi ya asilimia 8, na bei zikapanda kwa zaidi ya 20. Ukiyasoma hayo darasani, Mwalimu, utawaambia wanafunzi: tazameni, kukua kunaleta bei. Mimi nilikuwa Kasindi. Faranga ilianza mwaka karibu 2,000 kwa dola moja, ikaumaliza karibu 2,700. Agosti benki yao kuu ikapandisha riba hadi asilimia 25 kujaribu kuizuia. Sabuni, sukari, saruji, vyote vinavyotoka kwetu, vilipanda pale kwa sababu faranga ilishuka. Ndiyo maana muuzaji wa Kasindi anataka shilingi au dola. Ule ukuaji wa asilimia 8 ulikuwa wa shaba na kobalti za Kolwezi na Lubumbashi, mbali kabisa na Kivu ya hapa mpakani. Mpagazi anayenivushia mizigo hakuuona mshahara wa Kolwezi. Aliona bei tu.

MWALIMU: Lakini hiyo ni sarafu iliyodhoofika, si nadharia iliyoshindwa.

MAMA: Ndiyo hoja yangu. Kwenye takwimu zote mbili zinaandikwa jina moja: mfumuko. Ukilegeza kikomo kwa ajili ya mfumuko wako wa heshima, na huu wa faranga utapitia hapo hapo. Nani atausimamisha mlangoni autambue?

MZEE: Niache kiti kidogo, nitoe ushahidi. Reli ilifika Kasese 1956, kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Kampuni ilikuwa ya Wakanada, Falconbridge. Shaba ilikwenda kwa treni hadi Jinja kuyeyushwa, kisha Mombasa. Shilingi tuliyokuwa nayo ilikuwa moja, kutoka hapa hadi Mombasa na Zanzibar, ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na shilingi 20 zilikuwa pauni moja ya Kiingereza. Kwa hiyo hiyo sarafu moja mnayoingoja mpaka 2031, sisi wazee tumeikuta tukaiacha. Mwaka 1966 kila nchi ikachukua benki yake na sarafu yake.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Mgodi ulisimama mapema miaka ya 1980. Mwaka 1987 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 200, na Mei ya mwaka huo serikali ikaondoa sifuri mbili kwenye shilingi, na juu yake ikakata asilimia 30. Aliyekwenda na shilingi 1,000 za zamani alirudi na 7. Sikuona tija iliyopanda mahali popote. Pamba ilikuwa imekufa, mgodi umejaa maji. Kwa hiyo, Mwalimu, mimi niliyeishi miaka ile, nikiambiwa mfumuko ni dalili ya kukua, ninauliza kwanza: unaonyesha nini kilichokua?

MKULIMA (ana shamba katika skimu ya Mubuku, zamani afisa wa benki): Mzee, naomba nimsaidie Mwalimu kabla sijampinga. Nadharia yake si ya uongo. Waliopima nchi za Ulaya ya Kati zilipokuwa zinatoka kwenye ujamaa kwenda kwenye soko waliikuta ipo. Ila walikuta ni ndogo: kati ya asilimia 0.2 na 2 kwa mwaka, ikilinganishwa na nchi za euro. Sehemu kubwa ya kupanda kwa bei ilitoka kwingine, hasa kwenye kodi za nyumba na umeme ambazo serikali za zamani zilikuwa zimezishikilia chini, zikaachiwa.

Sasa chukua hesabu yako mwenyewe. Benki kuu za nchi tajiri zinalenga asilimia 2. Ongeza tofauti yako kubwa kabisa, 2 nyingine. Tumepata 4. Kikomo cha Jumuiya ni 8. Benki Kuu ya Uganda yenyewe inalenga 5 kwa mfumuko wa msingi. Mwalimu, nadharia yako inatosha ndani ya kikomo na nafasi inabaki. Unaomba kilegezwe kwa ajili ya nini?

KINYOZI: Hapo Mwalimu amenyolewa.

MWALIMU: Sijamaliza. Miaka ya kilele inaweza kuzidi.

MKULIMA: Inaweza, na ndipo hatari ilipo. Umetuletea Lithuania, jirani yake Latvia umeiacha. Latvia nayo iliambiwa kwamba bei zinapanda kwa sababu nchi inawakimbilia matajiri. Mwaka 2008 zilipanda kwa wastani wa asilimia 15. Mwaka uliofuata uchumi ulisinyaa kwa asilimia 14. Kumbe mishahara na nyumba vilikuwa vinapandishwa na mikopo, na tija ilikuwa imeachwa nyuma sana. Udhuru wa kukua ni mtamu, na nimefanya kazi benki: mkopaji anayefilisika hukwambia biashara inapanuka.

MAMA: Mimi niongeze kitu cha nyumbani. Mwaka 2022 sote tunaukumbuka. Mafuta ya kupikia, sabuni, petroli. Oktoba mfumuko wa Uganda ulifika asilimia 10.7. Mwezi huo huo Uingereza walikuwa na 11.1. Kwa nadharia yako, sisi tunaokimbia ndio tungekuwa juu, na wao waliofika zamani wawe chini.

MWALIMU: Ule ulikuwa mwaka wa vita vya Ukraine, Mama. Mfumuko ulitoka nje.

MAMA: Ulitoka nje ukaingilia fungu lako la kwanza, la vitu vinavyovuka mpaka! Ngano, petroli, mafuta ya mawese. Wewe unasema bei huanzia kwa kinyozi. Mwaka ule zilianzia kwenye meli. Mei ile Rais Museveni alisema asiyepata mkate ale muhogo. Watu walikasirika, lakini tazama alichosema kwa macho ya nadharia yako: mkate ni ngano, nayo inavuka bahari, muhogo hauvuki. Yaani kitu kisichovuka mpaka ndicho kilichokuwa nafuu. Kinyume kabisa cha ulichoandika ubaoni.

MWALIMU: Nakubali kwamba 2022 si mfano wangu. Nipeni mwaka wa utulivu.

MKULIMA: Chukua 2024. Uchumi wa Uganda ulikua kwa takriban asilimia 6. Mfumuko, wastani wa 3 na kitu. Huo ndio mwaka wako mzuri: hakuna vita vipya, hakuna ukame mkubwa, shilingi imetulia. Nchi inakua mara tano au sita ya nchi za Ulaya kwa jumla, na bei zake zinapanda karibu sawa na zao. Tofauti yako ya asilimia 2 iko wapi?

MWALIMU: Kuna sifa ya Benki Kuu hapo. Tangu 2011, mfumuko ulipofika asilimia 30 mwezi Oktoba na riba yao ikapelekwa hadi 23, wamejifunza kushika usukani.

MKULIMA: Wapewe sifa yao. Lakini Benki Kuu inashika bei zote kwa pamoja. Nadharia yako inazungumzia bei moja ikilinganishwa na nyingine: kinyozi akilinganishwa na saruji. Hata mfumuko ukiwa 3, kinyozi angepaswa kupanda haraka kuliko bidhaa. Tumuulize mwenyewe. Bei yako umeipandisha lini?

KINYOZI: Nilijaribu mwaka jana, nikaweka elfu nne. Wiki ya pili nikarudi. Barabara yangu tu ina vibanda sita. Kila mwaka vijana wanamaliza shule, hawapati kazi, mmoja ananunua mashine, anafungua. Nikipandisha, wateja wanahamia mlango wa jirani. Umeme umepanda, kodi ya kibanda imepanda, mimi nimebaki pale pale.

MKULIMA: Mmesikia. Mwalimu, nadharia yako ina nguzo mbili, na umetutajia moja. Ya kwanza ni tija ipande katika vitu vinavyovuka. Ya pili ni wafanyakazi wawe wachache kiasi kwamba mwajiri wa bidhaa hizo lazima awavute kwa mshahara. Norway ina ya pili. Watu ni wachache, kazi ni nyingi. Sisi hatunayo. Arthur Lewis, mzaliwa wa Saint Lucia, alilieleza hili 1954, miaka kumi kabla ya hao wawili wako: mahali penye watu wengi kuliko kazi, kiwanda kinaweza kukua miaka na mishahara isipande, mpaka wale wanaongoja waishe.

Nawaona kila msimu. Skimu yetu ya Mubuku ilianza miaka ya 1960. Maji tunayapata kwenye mito ya Sebwe na Mubuku, yanateremka yenyewe kwenye mifereji bila pampu. Wengi wetu tunalima mbegu ya mahindi kwa mkataba na kampuni za mbegu. Mbegu chotara ina kazi nyingi: lazima ung'oe maua dume kwenye mistari ya mahindi jike, mmea kwa mmea, kwa siku chache tu, la sivyo mbegu inaharibika. Hapo ndipo mfanyakazi angepaswa kunibana anidai zaidi. Lakini asubuhi nikifika shambani, vijana wako pale wanangoja kuulizwa majina. Mavuno yangu kwa ekari yamepanda. Malipo ya kibarua yamefuata bei ya chakula tu, basi. Sioni fahari kulisema hili, nalisema kwa kuwa ndiyo hesabu.

MWALIMU: Basi umenipa hoja nyingine kubwa zaidi. Kama nadharia inasema kukua kwa kweli huonekana kwenye bei ya kinyozi, na bei ya kinyozi haijasogea, basi ule mfumuko mdogo tunaousifu una sura ya pili. Ni ushahidi kwamba mishahara imekwama.

MKULIMA: Hapo tunakutana.

MAMA: Ngoja kwanza. Msianze kutamani bei ipande. Mimi nauza chakula pia. Tija ikipanda Mubuku, bei inafanya nini? Inashuka! Vitunguu vikijaa, gunia linashuka bei Kasese nzima.

MKULIMA: Linashuka kwa sababu vitunguu vinakosa pa kwenda. Kwa nadharia ya Mwalimu, kitunguu ni kitu kinachovuka mpaka. Kwa barabara yetu, kinavuka siku barabara inapotaka. Mei 2020 mito ilifurika, Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani, Lhubiriha, na mwaka huo huo mpaka ulikuwa umebanwa kwa sababu ya korona. Shamba langu lilikuwa limenyeshewa na mazao yapo, lakini kitunguu kiligeuka kuwa kitu kisichovuka. Mahali kama hapa, tija ya chakula hushusha bei kwanza kabla haijapandisha mshahara. Kwa mlaji ni neema. Kwa mkulima ni hasara ya msimu, mpaka mazao yapate njia ya kwenda mbali.

MZEE: Na kahawa? Mbona huko milimani mwaka 2025 walijenga nyumba za matofali, na fundi wa kujenga akadai anavyotaka? Hiyo haikuwa nadharia ya Mwalimu ikitembea kwa miguu?

MKULIMA: Inafanana nayo, Mzee, lakini siyo. Februari 2025 arabika ilipita dola 4 kwa ratili kule New York. Pesa zikapanda mlimani, fundi akapandisha. Ila miti ni ile ile, na debe kwa mti ni lile lile. Kilichopanda ni bei ya dunia. New York ikishuka, fundi atashuka, na aliyekopa kwa kutegemea bei ile atabaki na deni. Tija ni pale mti ule ule unapotoa madebe mawili, au kahawa ile ile inapooshwa na kukaushwa vizuri ikauzwa daraja la juu. Hiyo haishuki New York inapopiga chafya.

MWALIMU: Naomba niongeze mfano unaonihusu, ingawa unaniumiza. Tangu Julai 2022 mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika sekondari ya serikali analipwa shilingi milioni 4 kwa mwezi. Mimi wa uchumi nimehesabiwa upande wa sanaa. Wakati ule sikufika hata nusu. Tuligoma mwaka ule, tukarudi darasani. Sasa mshahara wa mwenzangu wa fizikia ulipandaje? Hakuna kiwanda kilichotishia kumchukua. Uliandikwa kwenye bajeti. Hiyo ni njia ya tatu ambayo Balassa hakuihitaji: mshahara wa huduma kupandishwa kwa uamuzi, ukilipwa kwa kodi au kwa deni. Unaweza kuwa uamuzi mzuri, lakini ukisukuma bei, serikali isije ikasema ni tija.

MAMA: Sasa unapinga hoja yako mwenyewe.

MWALIMU: Ninaipunguza, Mama. Naiacha sehemu ya kikomo. Nashikilia sehemu ya kwanza: kuna mfumuko unaotokana na kukua, na sarafu moja italazimisha upitie kwenye bei. Siku Uganda itakapofika hapo, isihukumiwe kama imechapisha noti.

MZEE: Basi tuiandike upya. Nani anaandika?

MKULIMA: Naandika hivi. Nchi ya Jumuiya inayoomba kuvumiliwa juu ya kikomo kwa sababu ya kukua, ionyeshe mambo matatu kwa pamoja. Moja, tija ya bidhaa zake zinazovuka mpaka imepanda. Bei ya dunia kupanda haihesabiwi. Mbili, mshahara halisi umepanda, yaani mshahara baada ya kutoa kupanda kwa bei. Tatu, huduma zimepanda bei haraka kuliko bidhaa, na sarafu haijaporomoka. Congo ya 2023 ingeshindwa kwenye la pili na la tatu. Uganda ya 2022 ingeshindwa kwenye yote. Latvia ya 2008 ingeshindwa kwenye la kwanza, maana mishahara iliiacha tija nyuma.

MWALIMU: Naunga mkono. Anayetaka bei zake zivumiliwe aonyeshe mshahara.

MAMA: Naunga mkono kwa shingo upande, kwa sababu wanaopima ni wale wale wanaoomba. Takwimu za tija zitaandikwa na serikali inayotaka ruhusa.

MKULIMA: Ndiyo maana nimeweka mshahara katikati, Mama. Takwimu ya tija inaweza kupambwa. Kibarua wa Mubuku anajua alicholipwa.

KINYOZI: Mimi naipinga. Nilikuwa upande wa hoja ya kwanza na bado niko huko. Nyinyi nyote mmeeleza kwa ufasaha kwa nini bei yangu haiwezi kupanda, na sasa mmeandika masharti ya siku itakapopanda. Siku hiyo inaletwa na nani?

MWALIMU: Italetwa siku huyu mkulima atakapofika shambani asubuhi asimkute mtu, aje mpaka kwenye kibanda chako akuombe ufunge mashine umfuate.

KINYOZI: Hiyo ni miaka mingapi?

MWALIMU: Inategemea kazi ngapi zinazovuka mpaka zitaanzishwa kati ya hapa na Kampala. Mgodi ulizileta mara moja. Skimu imeleta mamia. Tunahitaji makumi elfu, na kikomo cha mfumuko, kikiwa 8 au 12, hakiajiri mtu.

MAMA: Basi wekeni na langu, maana ndilo la haraka kuliko yote. Tija yangu mimi haipimwi kwa mashine. Inapimwa kwa saa ambazo gari la mzigo linasimama Mpondwe kabla ya kuvuka, na kwa siku linazotumia kufika Beni. Lile gari likivuka mara mbili kwa wiki badala ya mara moja, tija yangu imepanda maradufu na sijaajiri mchumi. Na nitahitaji wapakiaji mara mbili.

MZEE: Limeandikwa. Kura: hoja ya kwanza imepata moja, ya kinyozi. Hoja mpya imepata tatu, ya Mama ikiwa na malalamiko yake yaliyoambatishwa. Mwenyekiti hapigi kura, ila anatoa agizo: nakala moja iende kwa wanaojadili sarafu ya 2031, na mbele ya ile asilimia 8 iandikwe swali ambalo kila nchi italijibu kabla haijazungumzia kikomo. Mshahara wa kibarua wake, baada ya kutoa kupanda kwa bei, umepanda kiasi gani tangu mwaka Itifaki iliposainiwa?